Remmy Ongala na Kiswahili cha Ng'ambo ya Ziwa

Walimu wa Kiswahili tunapowataja watu waliokikuza Kiswahili katika karne ya ishirini, hatukawii kuwataja Shaaban Robert, Mathias Mnyampala, Amri Abedi na wenzao wa kalamu. Ni haki yao. Na tusisahau kwamba Amri Abedi alizaliwa Ujiji, kwenye ziwa hili hili la Tanganyika, mji ambao kwa mashua si mbali sana na Rumonge. Lakini lipo kundi jingine ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita kimya, nalo ni kundi la wanamuziki wa dansi. Hao ndio waliokiingiza Kiswahili katika masikio ya watu ambao hawakupata kushika diwani hata moja. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya mmoja wao, Remmy Ongala, aliyeanza kwa kupiga ngoma, akahamia gitaa, akaimba, akatunga, na mwisho akaongoza bendi yake mwenyewe. Sababu ya kumchagua yeye badala ya Mbaraka Mwinshehe au Salum Abdallah ni ya lugha zaidi kuliko ya muziki. Remmy alitoka upande wetu wa Kiswahili.

Msomaji aliyewahi kusimama ufukweni Rumonge asubuhi, wakati wavuvi wanapoteremsha ndagala na akina mama wanapopanga bei ya mukeke, anajua kwamba mbele yake kuna rasi ya Ubwari na nyuma ya rasi hiyo milima ya Kongo. Kiswahili kinachosemwa pale sokoni, katikati ya madebe ya mawese, ni cha pande zote mbili za maji. Watu husema "batu" na "bintu", husema "mutoto" na "muzuri". Kirundi kina sehemu yake katika jambo hilo, kwa kuwa mwenye kuzoea "abantu" na "ibintu" haoni tabu na "batu" na "bintu". Lakini Kiswahili cha namna hiyo kinasemwa pia Uvira na Fizi, na hata Kasongo na Kindu, mahali ambapo Kirundi hakipo. Ni Kiswahili cha bara, kilichosafiri na misafara kutoka Bagamoyo na Tabora hadi Ujiji, kikavuka ziwa, kikafika mto Lualaba ambako Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo katika miaka ya 1870. Baadaye Wabelgiji walijenga reli. Njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwaka 1911, na ile ya kutoka Kabalo hadi Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati huo, ikamalizika mwaka 1915. Kwa reli hizo na meli za mtoni, mtu wa Kindu aliweza kufika ziwani, na kutoka ziwani kwenda Kigoma au Bujumbura. Mizigo ilipita, watu walipita, na lugha ikapita pamoja nao.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili cha namna hii ni kibovu, na kwamba kazi ya mwalimu ni kukifuta ili kiingie kilicho sanifu. Dai hilo tutalirudia huko mbele.

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu tarehe 10 Februari 1947, wakati nchi ile ilipokuwa bado koloni la Ubelgiji. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. "Ramazani" ni "Ramadhani" iliyosafiri; kule bara sauti ya dh hugeuka kuwa z, na hata hapa Rumonge tunawasikia watu wakisema "zambi" pale wengine wanaposema "dhambi". Jina lenyewe tu linamweleza msikilizaji kwamba mwenye nalo ametoka katika Maniema ya misafara. Na "mtoro" katika Kiswahili cha kila mahali ni yule aliyetoroka. Sidai kwamba jina ni kisomo cha maisha ya mtu, ila katika habari zinazofuata msomaji atakubali kwamba jina hilo halikumkaa vibaya.

Habari za kuzaliwa kwake alipenda kuzisimulia yeye mwenyewe, na zimeandikwa mara nyingi. Mama yake alikuwa amepoteza watoto wawili kabla yake. Mganga akamshauri asiende hospitali, ajifungue porini, na mtoto atakayezaliwa asinyolewe nywele. Mtoto akazaliwa tayari na meno mawili ya mbele. Kwa desturi za kwao mtoto wa namna hiyo huhesabiwa kuwa na uganga, na ndiyo asili ya jina la "Dokta Remmy" alilojulikana nalo baadaye. Watu wengi wa Dar es Salaam waliomwona na nywele zake ndefu zilizosokotana walidhani ni mwigo wa Bob Marley tu. Ni kweli kwamba alimpenda Marley, lakini nywele zile zilikuwa na historia ya mbali kuliko Jamaika.

Baba yake alikuwa mwanangoma wa jadi, mchezaji na mwimbaji. Wazazi wote wawili walifariki Remmy akiwa bado mdogo, na shule ikakatika mapema. Hapo ndipo inapoanza kazi yake, na inaanza kwa ngoma. Akiwa kijana wa miaka kumi na kitu alikuwa akipiga ngoma na kuimba katika bendi za mahotelini. Mojawapo ikiitwa Bantu Success. Gitaa alijifunza baadaye. Wale wanaojua kazi ya bendi wataelewa umuhimu wa mpangilio huo. Anayeanza na gitaa hujifunza kwanza sauti, kisha mapigo. Anayeanza na ngoma huyapata mapigo kwanza, na kila kitu atakachokishika baadaye, hata maneno, atakipanga juu ya mapigo hayo.

Katika Dar es Salaam ya leo wanamuziki wana neno la kumwita mtu anayepiga leo katika bendi hii na kesho katika ile kwa malipo ya usiku huo: humwita "deiwaka". Ni neno lililotoka katika lugha ya vibarua wa kutwa. Remmy wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 alikuwa mtu wa aina hiyo, ijapokuwa Kongo na Uganda hawakumwita hivyo. Alizunguka miji ya mashariki ya Kongo, akavuka kwenda Uganda, akapiga katika bendi za watu wengine kwa muda ambao bendi hizo zilidumu. Mwenye kazi hiyo hana haki ya kuchagua. Wenye hoteli wakitaka rumba, atapiga rumba. Wakitaka nyimbo za Kizungu za wakati huo, atazipiga. Mpiga ngoma akiugua, mpiga gitaa atakaa kwenye ngoma. Watu huidharau kazi hii kwa kuwa haiachi jina kwenye sahani ya santuri. Mimi naona ndiyo chuo chenyewe. Mwanamuziki aliyekaa kila kiti katika bendi hatadanganywa na mpigaji wake yeyote atakapokuwa kiongozi, na atajua pia ni wakati gani wa kumwacha mwenzake apumue.

Wala miaka ile haikuwa ya amani. Mwaka 1964, Remmy akiwa na miaka 17, yalizuka maasi ya Simba. Sehemu moja ya maasi hayo ina historia yake hapa kwetu, maana Gaston Soumialot alifanya maandalizi yake Bujumbura mwanzoni mwa mwaka ule kabla moto haujawaka Uvira na Fizi. Mwezi Julai Kindu iliangukia mikononi mwa Simba, na mwezi Novemba majeshi ya serikali yakaitwaa tena. Wakongo wengi walivuka maji kuja upande huu, na wazee wa Rumonge wenye umri wa kutosha wanalikumbuka jambo hilo. Ni vizuri msomaji ayaweke haya akilini atakapozisikiliza nyimbo za Remmy juu ya kifo. Mtu aliyekulia Maniema katika miaka ile hakuhitaji kubuni habari za kifo.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi iliyoitwa Orchestra Makassy. Bendi hiyo nayo ilikuwa imetoka Kampala, ikiikimbia Uganda ya Idi Amin. Dar es Salaam haikuwa ngeni kwa Wakongo. Orchestra Maquis, iliyotoka upande wa Shaba, ilikuwa imekwisha jikita mjini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili alikuwa akijulikana. Kabla yao wote, sauti za Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo wa Katanga zilikuwa zimefika Afrika Mashariki kwa santuri. Kwa hiyo masikio ya watu yalikuwa tayari. Ila wenyeji walikuwa na mzaha wao. Mzaire akisema jukwaani, kulikuwa na watu wa kucheka matamshi yake, kama wanavyochekwa leo watoto wetu wanapokwenda Kigoma.

Hapa yafaa nieleze jinsi bendi za Tanzania zilivyoendeshwa wakati huo, maana bila hivyo msomaji hataelewa nini maana ya kuwa kiongozi wa bendi. Aliyemiliki vyombo ndiye aliyemiliki bendi. Vyombo ni magitaa, vikuza sauti, ngoma, tarumbeta na saksofoni, na vyote viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni ambazo mwanamuziki hakuwa nazo. Kwa sababu hiyo bendi kubwa zilikuwa mali ya mashirika: NUTA Jazz, baadaye JUWATA, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama; Mlimani Park, kuanzia miaka ya 1980, ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Wapigaji walilipwa mshahara kama makarani. Bendi za watu binafsi zilimtegemea mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Mwanamuziki aliyekosana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu, hata kama nyimbo zote zilikuwa zake.

Tena kulikuwa na suala la kurekodi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, usifunguliwe mpaka Novemba 1983. Mahali pa kurekodi palikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Maneno ya wimbo yalikaguliwa kwanza, kisha bendi iliingia na kupiga yote kwa pamoja, na utepe ukabaki redioni. Wimbo ulipigwa nchi nzima na kuvuka mipaka, kwa kuwa mawimbi hayaulizwi pasi ya kusafiria, lakini mtunzi hakupata pato la maana kwa hilo. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, na kwa wengi wa kizazi kile ilikuja wakiwa wamezeeka au wamekwisha kufa. Patakuwapo watakaosema kwamba mfumo ule uliuhifadhi muziki wa Tanzania katika maktaba moja. Ni kweli, na ni hazina. Lakini hazina hiyo ilijazwa na watu waliorudi nyumbani kwa miguu alfajiri.

Makassy alipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy hakumfuata. Mwaka 1981 alijiunga na Matimila, bendi ambayo vyombo vyake vilikuwa vya mfanyabiashara, na chini ya uongozi wake ikaja kujulikana kwa jina la Super Matimila. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kupanga muziki kama alivyousikia kichwani. Nyimbo nyingi za dansi za wakati ule zilikuwa na sehemu mbili: mwanzo wa polepole wenye beti, kisha "chemko", pale magitaa yanapokimbia na wachezaji wanapoamka. Remmy alikijua kipimo hicho vizuri, maana alikuwa amekipiga kwa miaka katika bendi za watu. Katika nyimbo zake zilizo bora hakukifuata sana. Magitaa matatu yalisukwa pamoja, kila moja likiwa na sentensi yake fupi ya kurudiarudia. Chini yake besi, na chini ya besi ngoma. Sauti ilikuwa kavu. Juu ya msuko huo Remmy aliimba kidogo na kusema sana. Wimbo uliweza kwenda dakika nane au kumi huku yeye akihoji, akilalamika, akimwita mtu kwa jina, akinyamaza na kuliacha gitaa lijibu. Muziki huo aliuita "bongo beat". Mwanafunzi atatambua kwamba "bongo" hapa ni "ubongo". Ni neno ambalo watu wa Dar es Salaam waliupa mji wao, kwa maana kwamba asiye na akili ya kutosha hawezi kuishi ndani yake.

Tuje sasa kwenye maneno, ambako ndiko hasa tunakotaka kufika. Neno ambalo Remmy alilifanya lake ni "mnyonge". Alikuwa na wimbo ulioitwa "Sauti ya Mnyonge" na mwingine "Mnyonge Hana Haki". Angeweza kusema "maskini", na mara nyingine alilisema, ila maneno hayo mawili si mamoja. Maskini ni asiyekuwa na mali, na kesho akiipata si maskini tena. Mnyonge ni asiyekuwa na nguvu mbele ya mwenzake. Unyonge ni uhusiano baina ya watu. Sasa chukueni methali ambayo sote tunaifundisha: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hiyo inakiri kwamba mnyonge atanyongwa, lakini inadai kwamba ana haki yake. Remmy akaweka juu ya wimbo wake jina linalosema kwamba haki yenyewe hana. Kwa maneno matatu amejibizana na methali ambayo kila msikilizaji wake aliijua, na wala hakuhitaji kuitaja. Nimewasomea wanafunzi mashairi mengi ya kupanga vina yasiyofika nusu ya umbali huo.

Au utazame wimbo "Kipenda Roho". Jina limetoka katika methali ya kipenda roho hula nyama mbichi. Kwa sarufi ya leo tungesema "kile ambacho roho inakipenda", au "kipendacho roho". Umbo la "kipenda" ni la zamani, limehifadhiwa ndani ya methali kama mbegu ndani ya ganda. Mtu wa Kindu, aliyeacha shule mapema, ndiye aliyelitoa umbo hilo na kulipigia gitaa mpaka likaimbwa na vijana wa mjini waliokuwa hawajui kwamba wanaimba sarufi ya mababu. Alilipata wapi? Alilipata alikopata kila kitu, yaani kwa kusikiliza. Mpiga muziki wa kukodiwa hupewa wimbo asioujua na kutakiwa aupige usiku huo huo, kwa hiyo sikio lake hujizoeza kunasa sentensi nzima pamoja na mapigo yake. Naamini Remmy alikipata Kiswahili cha Dar es Salaam kwa njia hiyo hiyo. Hakukijifunza kwa kukiondoa kile cha Kindu. Alikiweka kimoja juu ya kingine, kama gitaa la pili linavyowekwa juu ya la kwanza, na masikio yenye uzoefu wa lafudhi yetu yanaweza kusikia bado, hapa na pale, Maniema ikipita chini ya maneno.

Jambo lililomgonganisha na wakubwa lilikuja mwaka 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka saba baadaye hapakuwa tena na mji usiozika. Hata hivyo watu walikuwa wakiuzunguka ugonjwa kwa mafumbo. Remmy akatunga "Mambo kwa Soksi". Soksi ni mpira wa kiume. Hapa mwalimu wa tafsida atapata somo zuri, maana neno hilo linafanya kazi mbili ambazo kwa kawaida hazikai pamoja: linaficha na linafichua. Mtoto mdogo akilisikia atafikiria mguu na kiatu. Mtu mzima hawezi kukosea. Kiswahili cha mitaani kilikuwa kimekwisha litengeneza neno, yeye akalipandisha jukwaani. Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo huo kwa sababu ya maadili. Ukaenda kwa kaseti, na watu wakauimba bila msaada wa redio.

Naiheshimu hoja ya walioukataa. Redio ya taifa huingia sebuleni ambamo baba na binti wamekaa pamoja, na adabu ya Kiswahili ina sheria zake juu ya nani asikie nini mbele ya nani. Lakini wimbo uliowafundisha watu namna ya kutokufa ulikuwa na adabu kubwa zaidi ya ile ya sebuleni, na historia ya miaka iliyofuata imempa haki Remmy. Sioni sababu ya kulizungukia hilo.

Wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha vuka bahari. Utepe wa nyimbo zake ulichukuliwa na rafiki aliyekuwa akirejea Uingereza na kuwafikia watu wa tamasha la WOMAD. Kuanzia mwaka 1988 Super Matimila wakaalikwa kupiga Ulaya. Mwaka 1989 walirekodi Uingereza, katika studio ya Real World, santuri iliyopewa jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za mtu maskini, na mwaka 1992 wakatoa nyingine iliyoitwa "Mambo". Katika hiyo ya pili Remmy aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza. Sina furaha nazo. Magitaa ni yale yale, na pengine yanasikika vizuri kuliko yalivyowahi kusikika katika studio ya Dar es Salaam, lakini msemaji yule mkali amegeuka mtu anayetafuta maneno. Mtu anaweza kuhama chombo kutoka ngoma hadi gitaa na mapigo yakabaki. Kuhama lugha si jambo la aina hiyo.

Nilisema kwamba tutarudi kwenye dai la Kiswahili kibovu, na hapa Rumonge dai hilo halihusu muziki peke yake. Mwezi Aprili 1972 maasi na mauaji yalianzia katika mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, na yaliyofuata nchi nzima yanajulikana. Maelfu ya watu wa mwambao walikimbilia Tanzania kwa mitumbwi na kwa miguu, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko walizaa na kulea katika nchi ambayo redio yake ilipiga Super Matimila. Hasa kuanzia mwaka 2008 maelfu yao walirudi, ilhali zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania wakabaki. Waliorudi walikuta mashamba yao yana watu wengine, na mashauri ya ardhi ya Rumonge yamekuwa marefu na machungu. Walirudi pia na Kiswahili cha Tabora na Mpanda, chenye "watu" na "vitu". Mtoto wa aliyerudi na mtoto wa aliyebaki wakakaa dawati moja, katika shule ambazo Kiswahili kilikuwa kimeingizwa rasmi katika ngazi ya msingi katikati ya miaka ya 2000. Mmoja akisema "batu", mwenzake akamsahihisha. Msahihishaji akapata sifa ya mwalimu. Ila nje ya darasa huyo huyo akaitwa mgeni kwa sababu ya Kiswahili chake kizuri.

Mwalimu mwenye darasa la namna hiyo atafanya nini? Kitabu cha sarufi kitamwambia neno lipi ni sanifu, na ni lazima alifundishe, maana mtihani hauna huruma. Lakini nawashauri wenzangu wamweke Remmy Ongala mezani. Wawasikilizishe wanafunzi "Kipenda Roho", wawaulize msemaji ametoka wapi. Mtoto wa mwambao na atambue kwamba aliyeimba maneno hayo alizaliwa katika lugha ya "batu" na "bintu". Mtoto wa aliyerudi na atambue kwamba mtu aliyesikilizwa na wazazi wake huko Mishamo hakuwa Mtanzania wa kuzaliwa, naye pia alikuwa amevuka. Baada ya hapo somo la ngeli laweza kuendelea, na wote wawili watakuwa wamekaa sawa.

Katika miaka yake ya mwisho Remmy aliuacha muziki wa dansi na kuimba nyimbo za dini. Kiharusi kilikuwa kimemdhoofisha, na mikono iliyopiga ngoma na gitaa haikuwa na nguvu ya zamani. Wapenzi wake wengi walisikitika kwa badiliko hilo, wengine wakalipokea. Mimi sina la kuongeza isipokuwa kwamba aliyekuwa akikisemesha kifo tangu ujanani alikuwa na haki ya kuchagua maneno yake mwenyewe alipokikaribia. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na miaka 63, na ni huko Dar es Salaam, mbali na Kindu, alikozikwa.

Mtaa wa Sinza, alikokaa, una kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Hakuna kamati iliyokaa kukipa jina hilo. Abiria walihitaji kumwambia kondakta mahali pa kuwashusha, wakataja nyumba ambayo kila mtu aliijua, na hadi leo kondakta hulitamka jina hilo kwa sauti, kutwa nzima, kwa abiria ambao wengi wao hawakuwahi kumwona.